Pindo Kwenye Ukurasa wa Kumi na Tisa

Shangazi hakuwa mtu wa kupitwa na karatasi. Ukiacha risiti mezani ataisoma, ukiacha boksi la dawa atalisoma mpaka ile karatasi ya ndani iliyokunjwa mara nane. Miaka thelathini ya uuguzi ilimfanya asiyaamini maandishi madogo. Kwa hiyo Mtathmini alipoiacha rasimu ya ripoti yake karibu na chupa ya chai na kwenda kuoga, alijua fika kwamba akirudi ataikuta imeshasomwa. Wala hakujali. Ripoti ilikuwa imekwisha na alikuwa anajisikia vizuri.

Na kwa nini asijisikie vizuri? Wiki tatu nzima alikuwa amelala kitanda cha wageni kwa Shangazi, akitoka alfajiri na kurudi miguu imevimba, akiupima mradi mmoja uliokaa miaka mitatu kwenye kata ile ukiwafundisha watu kuuliza. Ndiyo, kuuliza tu. Kumuuliza kiongozi kwa nini dawa hazipo, nani aliamua nini, na lini. Mradi uliunda kamati ya wananchi saba ya kusimamia zahanati, ukawapa semina, madaftari, na fulana zenye maandishi mgongoni. Kazi ya Mtathmini ilikuwa kusema kama hayo yote yalizaa kitu au yaliishia kwenye fulana. Saa nne asubuhi hiyo wahusika wote wangekutana ukumbini, wapitie rasimu yake ukurasa kwa ukurasa, waseme palipo na kweli na palipo na kosa.

Alirudi mezani taulo kichwani. Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga.

“Huyu mshona nguo wako ana moyo,” alisema. “Mimi ningekuwa yeye ningeogopa.”

Mtathmini akacheka, akamwambia kwamba humo ndani hakuandika kazi ya mtu yeyote, kaficha kila kitu, yeye si mgeni wa shughuli hizi. Shangazi hakubishana. Alifunua ukurasa wa kumi na tisa, akaisogeza ripoti mbele ya mpwa wake, akaweka kidole.

Maneno yalikuwa haya: “Mkutano ule sikuuona kwa macho yangu. Muhtasari ulikuja umeshaandikwa. Nikaweka chini pindo la sare ya shule nililokuwa nashona, nikatia sahihi. Ndivyo chumba cha kujifungulia kilivyogeuzwa stoo.” Na chini yake, kwa herufi za mlalo: Mjumbe wa kamati.

Mtathmini akaisoma mara mbili. Jina hakuliandika, umri hakuuandika, hata kama ni mwanamke au mwanamume hakusema. Kanuni zote za kuficha watu alizifuata, moja baada ya nyingine, halafu akaliacha pindo la sare ya shule limekaa katikati ya sentensi linamtazama kila msomaji. Kwenye kamati ya watu saba, aliyeshona sare za shule alikuwa mmoja tu, na kata nzima ilimjua kwa jina la Fundi.

Tena afadhali ingekuwa ameghafilika. Hakughafilika. Alipokuwa anaandika aliwahi kulifuta lile pindo, akaisoma sentensi, akaiona kavu, akalirudisha. Wafadhili wanapenda nukuu yenye uhai. Haya, uhai ndio huo. Alijisikia vibaya, na hakuwa na wa kumlaumu ila yeye mwenyewe.

Maana ubaya wenyewe haukuwa mdogo. Fundi alipanga chumba kimoja katika safu ya vyumba nyuma ya ofisi ya kata. Mkataba wa chumba ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, unaisha mwisho wa mwezi huo, na wa kuuongeza ni Mtendaji wa kata peke yake, mtu aliyependa kugonga muhuri mpaka watu wakamwita Muhuri hata akiwepo. Na mihtasari ile ya mikutano isiyofanyika ilitoka mezani kwa nani? Kwake huyo huyo. Akishajua ni nani aliyesema, kabla mwezi haujaisha Fundi angekuwa barabarani, cherehani lake pembeni, na mabinti wawili wanaokula kwa cherehani hilo wangejua maana ya kusema ukweli.

Alimpigia Meneja wa mradi, akamkuta anatafuna. Akamuuliza kama nakala zimeshatoka. Meneja akamjibu kwamba zimetoka tangu jana mchana, nakala kumi na mbili, kama yeye mwenyewe alivyosisitiza watu wapewe mapema wasome kwa nafasi. Mtendaji alipelekewa ya kwanza, kwa heshima ya cheo. Halafu Meneja akashusha sauti, akasema ukurasa wa kumi na tisa hata yeye umemnyima raha. Awamu ya pili ya mradi ilikuwa inasubiri ripoti hii, na ripoti inayosema mikutano ilikuwa ya kwenye karatasi haitamsaidia mtu. Kama ile aya ingepata sababu ya kuondoka, alisema, yeye hatalia.

Akampigia Fundi. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, na tena, mara sita. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni anamwangalia, mikono kiunoni.

“Umemvua nguo mtu aliyekuamini,” alimwambia. “Nenda.”

Alidandia bodaboda, akamwambia dereva aende moja kwa moja nyuma ya ofisi ya kata. Njia nzima alikuwa anapanga maneno ya kuomba radhi, yanavurugika, anayapanga upya. Alipofika akakuta kufuli. Mlango wa pili kulikuwa na msusi anamsuka mteja, na msusi akasema Fundi katoka asubuhi sana, kavaa gauni lake la kitenge la kutokea, na simu kaiacha ndani kwenye chaji, wameisikia inalia weee mpaka wamechoka. Mtathmini akauliza kama kuna mtu alikuja kumwita. Msusi akasema walikuja watu watatu wa kamati, wakasimama hapo wakaongea kwa sauti ya chini, kisha wakaondoka wote pamoja.

Basi roho ikampasuka. Alijua, au alidhani anajua, kwamba Muhuri ameshasoma, ameshatuma watu, na Fundi amepelekwa kuhojiwa. Hakujiuliza kwa nini mtu anayepelekwa kuhojiwa avae gauni la kutokea. Mtu mwenye hatia haulizi maswali mazuri, hata kama kuuliza ndiyo kazi inayomlisha.

Ukumbi ulikuwa ule wa kata, wenye madirisha ya nondo na viti vya plastiki vya rangi tatu tofauti. Alipoingia watu walikuwa wanajiandikisha kwenye karatasi ya mahudhurio. Muhuri alikuwa meza ya mbele, suti ya kijivu, kalamu mbili mfukoni, na mbele yake nakala ya ripoti iliyokunjwa pembe ya ukurasa mmoja. Mtathmini hakuwa na haja ya kuuliza ni upi. Muhuri alimpa mkono kwa adabu zote, akamuuliza hali ya Shangazi, akamwambia kazi yake ni nzuri, ameisoma yote mara mbili.

Fundi alikuwa mstari wa pili, amekaa wima. Kulia kwake alikaa fundi baiskeli, kushoto mwalimu mstaafu, nyuma yake muuza mkaa, wote wajumbe wa kamati. Mtathmini akajifanya anagawa kalamu ili ampitie karibu, akainama.

“Usiseme kitu, dada. Niachie mimi.”

Fundi akageuka, macho yamemtoka. “Niache nini? Ngoja nikwambie, mdogo wangu, sisi tume—”

Lakini Meneja alikuwa ameshagonga meza kwa kifuniko cha kalamu, anawaomba watu wakae, na Muhuri alikuwa anawaangalia wao wawili kwa tabasamu la mwenyeji. Mtathmini akarudi mbele.

Walianza na ukurasa wa kwanza. Aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa kuhakiki ripoti anajua adha yake: mmoja analalamika jina la mtaa limekosewa, mwingine anataka idadi ya semina iongezwe, wa tatu anashukuru tu kualikwa na anashukuru kwa dakika kumi. Mtathmini alijibu yote bila kujisikia anajibu. Kila ukurasa uliofunuliwa ulimsogeza kwenye wa kumi na tisa, na hakuwa na pa kukimbilia. Alijaribu kupendekeza waruke kwenda kwenye mapendekezo kwa sababu ya muda. Muhuri akasema kwa upole kwamba muda upo, yeye ameahirisha shughuli zake zote.

Walipofika, Muhuri aliomba nafasi. Alisimama, akakifunga kifungo cha suti, akaisoma nukuu yote kwa sauti, polepole, na alipofika kwenye pindo akatulia kidogo. Watu wawili watatu wakacheka. Akasema hana ugomvi na mtu, uhuru wa kusema ndio matunda ya mradi wenyewe, na yeye ndiye mlezi wa mradi huo. Ila kuna jambo lingemfurahisha.

“Ningependa tu kumfahamu huyu mwenzetu wa pindo,” alisema. “Kama yumo humu ndani, asimame. Tumpongeze.”

Hakuna aliyegeuka kumtazama Fundi, na huko kutogeuka kulikuwa sawa na kumnyooshea kidole. Mtathmini alimwona Fundi ameshika mgongo wa kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Vidole vilikuwa vinatetemeka. Akamwona anameza mate, kifua kinapanda na kushuka, na huruma ikamjaa mpaka machoni. Hapana, akasema moyoni. Si kwa ajili ya sentensi yangu. Akasimama yeye.

Alisema kuna kosa, na kosa ni lake. Alisema katika kazi hii amepita kata mbili, madaftari yake yalichanganyika, na nukuu ile imetoka kata nyingine ikaingia hapa bila yeye kujua. Sauti ilimtoka imara hata akajishangaa. Aliomba radhi kwa kamati na kwa ofisi ya Mtendaji.

Muhuri alimsikiliza kichwa kimeinama upande mmoja. “Kwa hiyo, ili tuelewane,” aliuliza, “hakuna mjumbe yeyote wa kamati hii aliyekwambia maneno haya?”

“Hakuna.”

“Hata mmoja?”

“Hata mmoja.”

Muhuri akashukuru. Akaomba wajumbe wote wachukue kalamu na kuikata kwa mstari aya hiyo kwenye nakala zao, wasije wakabeba uongo majumbani. Kalamu kumi na kitu zikakwaruza karatasi kwa pamoja. Kisha akaomba, kwa kuwa nukuu imeondoka, na ile sentensi inayosema mikutano mingine haikufanyika iondoke pia, maana ilikuwa inaegemea hapo. Meneja akasema ni sawa kabisa. Mtathmini akainamisha kichwa, na watu wakahesabu kwamba amekubali. Fundi alikuwa ameachia kiti. Alikaa mikono mapajani, haandiki, anatazama mbele, na Mtathmini akajiambia kwamba huo ni mshtuko wa mtu aliyeponea chupuchupu.

Mkutano uliisha saa saba. Meneja alimminya mkono akamnong'oneza kwamba amewaokoa wote. Maneno hayo yangetosha kumshtua siku nyingine, lakini siku hiyo alikuwa amechoka, na ndani ya uchovu kulikuwa na fahari. Alikuwa ameichafua kazi yake mwenyewe mbele ya watu ili mama mmoja abaki na chumba chake. Si wengi wangefanya hivyo. Alimtafuta Fundi kwenye foleni ya soda, hakumwona, akatoka nje na kuzunguka nyuma ya ofisi.

Mlango ulikuwa wazi. Fundi alikuwa amekaa kwenye cherehani, gauni la kutokea bado mwilini, hashoni. Mtathmini akaingia na tabasamu, akaanza kusema kwamba yamekwisha, asiogope tena, na anaomba msamaha kwa uzembe wake wa kuacha lile pindo. Fundi alimwacha amalize.

“Wewe nani alikwambia naogopa?” aliuliza.

Mtathmini akasema alimwona anatetemeka.

“Nilikuwa nasimama.” Fundi alisema hivyo bila kupandisha sauti. “Mtu akitaka kusimama mbele ya Muhuri lazima atetemeke. Nilikuwa nasimama, mdogo wangu, na wenzangu watatu walikuwa wasimame baada yangu. Kila mmoja ana tarehe aliyoletewa muhtasari. Tumekaa jana jioni kwa mwalimu tukazipanga.”

Akamweleza mambo moja baada ya jingine, na kila moja lilimwingia Mtathmini kama sindano. Ripoti ilipofika jana, Fundi aliisoma mwenyewe, akaliona pindo, akacheka kwa furaha. Hakulificha. Alilichukua akaenda nalo kwa fundi baiskeli, kwa mwalimu na kwa muuza mkaa, akawaonyesha: haya, mimi nimeshasema, imeandikwa, tusimame. Wao walikuwa waoga miaka yote mitatu. Semina hazikuwatoa kwenye uoga, fulana hazikuwatoa. Walitolewa na kuona kwamba mwenzao ametangulia. Asubuhi walikuja kumchukua mlangoni ili waende pamoja.

“Chumba hiki nilishakiaga,” Fundi alisema. “Nimeongea na binamu yangu, ana baraza. Wewe umeniokolea chumba. Sasa wenzangu wananiona mimi ni mwongo. Wamekusikia wewe, msomi, umetumwa kutoka huko, unasema hata mmoja hakusema. Mwalimu amenitazama, akahama kiti.”

Mtathmini alikaa chini, kwenye furushi la vitambaa, bila kukaribishwa. Alisema ataiandika upya kwenye ripoti ya mwisho, atairudisha nukuu, ataeleza yaliyotokea.

“Hiyo ripoti ya mwisho anaisoma nani?”

Mtathmini alilijua jibu. Ilikuwa inasomwa na wafadhili, mbali, kwa lugha ambayo muuza mkaa hakuwa nayo. Pale chumbani, kwa mara ya kwanza tangu Shangazi aweke kidole, alielewa alichokifanya. Miaka mitatu watu walikuwa wanamfundisha mwanamke huyu kusema. Amesema. Na aliyesimama mbele ya kata nzima kumfuta hakuwa Muhuri. Muhuri hakuhitaji hata kunyanyua kalamu. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, na haikuwa aibu ya kuombea radhi.

Fundi alikuwa ameshasimama. Alitoa ufunguo, akashika kufuli.

“Twende,” alisema. “Ulinikana mbele yao, sasa ukaseme kweli mbele yao. Mmoja mmoja.”

Walianzia barabarani. Fundi baiskeli alikuwa amesharudi kazini, chini ya bati lake kando ya barabara, amegeuza baiskeli ya mtu magurudumu juu, anazungusha la nyuma na kulisikiliza. Aliwaona wanakuja na hakuacha kuzungusha. Fundi alibaki pembeni, mikono amekunja kifuani. Mtathmini akasogea, akaamkia, akasema aliyokuja kusema: kwamba hakukuwa na kata nyingine, madaftari hayakuchanganyika, Fundi alimwambia maneno yale kwa kinywa chake, na yeye alidanganya mbele ya watu kwa kudhani anamkinga.

Yule bwana alilisimamisha gurudumu kwa kiganja. Alimtazama Mtathmini, akamtazama Fundi, akarudi kwa Mtathmini, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo.

“Asubuhi ulisema hakusema,” alisema. “Saa nane hii unasema alisema. Kesho Muhuri akikuita, utasemaje?”

Mtathmini alifungua mdomo kusema kesho atasema hivi hivi, na akasikia jinsi itakavyosikika. Akasema hata hivyo. Fundi baiskeli akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia mgeni anayeaga, akachukua spana na kurudi kwenye gurudumu. Hakumtukana, hakumfukuza. Aliwapa mgongo tu akaendelea na kazi yake.

Mtathmini alisimama pale barabarani, macho yanamwasha, anasubiri Fundi amwambie imetosha, waache, warudi. Fundi alirekebisha gauni lake begani.

“Bado wawili,” alisema, na akatangulia kuelekea kwa mwalimu.